Nilikabidhiwa mama wa watu kwenda milima ya Peru, kumbe amefunga

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Huu uzi nimekaa nao tumboni muda mrefu kwa sababu haukuwa wangu peke yangu. Mwenyewe amenipa ruhusa juzi, kwa sharti moja tu, nisitaje jina lake halisi. Basi humu ataitwa Bi Zuwena. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Atakayebisha abishe, mimi nilikuwepo.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga, nipo Dubai miaka mingi sasa. Nalala International City, chumba cha kushea, na nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya safari kule Al Baraha. Kazi yetu kubwa ni tiketi, visa na umra. Arbab wetu, yaani bosi, alipoona watu wa mjini siku hizi wanapenda kupanda milima, akaanzisha safari za trekking, na mimi ndiye nikapewa kazi ya kusindikiza group.

Kisa? Ofisi nzima mimi pekee ndiye niliyetoka nchi yenye Kilimanjaro. Mlima wenyewe nimeuona mara moja, kwenye dirisha la basi. Sikumwambia.

Sasa safari ya Peru. Kuna magofu huko yanaitwa Choquequirao, soma Chokekirao. Ni mji wa kale wa watu wa Inka, umejengwa juu kabisa ya mgongo wa mlima. Gari haifiki wala treni haifiki. Unatembea siku kadhaa na mwongozaji: unashuka korongo hadi mtoni, halafu unapanda upande wa pili. Kurudi ni njia hiyohiyo.

Waliojiandikisha walikuwa watu wachache, vijana wa maofisini wenye viatu vya bei. Na Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni mjane, mtu mzima, wa zile familia za Kizanzibari zilizohamia huku zamani. Anakaa Al Baraha, mitaa miwili kutoka ofisini kwetu. Alikuja siku moja amevaa baibui na raba nyeupe, akasema ameona huo mji kwenye televisheni na anataka kuuona kwa macho yake kabla magoti hayajamgomea. Nikajaribu kumpeleka Istanbul. Akacheka.

"Istanbul ntakwenda nikizeeka," akasema.

Wakuu, yule mama ana miguu. Tulipokwenda milima ya Hatta kufanya mazoezi, wale vijana wa viatu vya bei walimfuata nyuma wakihema. Kila asubuhi anatoka kwake kwa miguu hadi soko la Al Ras kununua viungo na kurudi, na wapagazi wote wa kule wanamjua. Kwa hiyo nguvu zake hazikunitia wasiwasi hata kidogo.

Kuna kitu kimoja nikieleze hapa, kitakuja kuwa na maana mbele. Siku niliyokwenda kuchukua pasipoti yake nyumbani, aliniletea sahani ya mkate wa ufuta na samaki. Nikasema, "Ahsante mama, nimeshakula." Uso wake ukabadilika palepale. Hakukasirika, aliumia. Akasema taratibu, "Kwangu hapa chakula hakirudishwi, mwanangu. Kwetu ukirudisha sahani ya mtu ni kama umemrudisha mwenyewe." Nikala, tena nikaramba vidole.

Siku ya kuondoka, siku chache baada ya Idi, mwanawe Nassor alimleta airport. Jamaa mpole, mrefu. Akanishika mkono hakuuachia.

"Kaka, mama yangu ni amana kwako."

Wakuu, bora angenitukana. Amana ni neno zito. Mtu akikukabidhi begi ukalipoteza unanunua jingine. Mama unamnunua wapi?

Tukafika Cusco. Huko ni juu sana, ukipanda ngazi tu unahema. Tulikaa kuzoea hewa. Bi Zuwena mezani alikuwa akisema tumbo limejaa gesi ya ndege, chakula chake anakifunga kwenye kontena kwenda nacho chumbani. Nikaona ni kawaida ya wazee.

Kisha tukaanza njia. Mwongozaji wetu aliitwa Wilber, mtu mfupi wa maneno machache, mzaliwa wa milima hiyohiyo. Mizigo ilibebwa na nyumbu. Sio nyumbu wa Serengeti jamani, hawa ni watoto wa punda na farasi. Wilber alitupa sheria mbili kwa Kiingereza chake. Ya kwanza, akipuliza filimbi kila mtu anywe maji, hata kama hana kiu. Ya pili, nyumbu wakija, bana upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa genge, kwa sababu mzigo wa nyumbu ukikugusa unakwenda nao chini.

Siku ya kwanza tulishuka. Njia nyembamba, kona baada ya kona, vumbi, na kadiri unavyoshuka joto linapanda. Filimbi ikilia, Bi Zuwena alikuwa wa kwanza kuinua chupa. Nilifurahi kumwona mtiifu hivyo.

Asubuhi ya pili tulivuka mto huko chini kabisa. Pana usubi wanauma hatari. Mbele yetu ulisimama ukuta wa mlima, na njia imejikunja juu yake hadi inapotelea machoni. Nikasema nimpunguzie mama mzigo kabla ya kupanda, nikachukua begi lake dogo.

Chupa ilikuwa imejaa pomoni.

Nikadhani amejaza mtoni. Nikamuuliza, akasema hajajaza. Ilikuwa chupa ileile ya kambini, na filimbi ilishalia zaidi ya mara moja tangu tuamke. Kumbe alikuwa akiipeleka mdomoni na kuirudisha.

"Mama, hunywi maji?"

Akaangalia kama kuna mtu karibu. Akasema, "Nikikwambia, liishie kwako."

Na mimi, kwa haraka zangu, nikasema, "Haya."

"Nafunga sita."

Kwa ndugu zangu wasio Waislamu: baada ya Ramadhani kuna siku sita za sunna, unazifunga mwezi unaofuata, ndio Mfunguo Mosi. Sio lazima. Unaweza kuziunganisha au kuzitawanya, na usipozifunga kabisa huna dhambi. Ila watu wetu wa pwani sita wanaipenda, wengine Idi haijapoa wameshaanza. Mimi zangu huwa nazisogeza mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwezi unaniacha.

Nikamwambia, "Mama, wewe ni msafiri! Hata Ramadhani yenyewe ungeruhusiwa kula."

"Ruhusa ni ruhusa, si amri."

"Zifunge ukirudi Dubai. Mwezi bado mrefu."

"Mwanangu, mie tangu kuvunja ungo nafunga sita kwa kufuatanisha, kama mama yangu alivyofunga. Nimefunga na mimba changa. Nimefunga mwaka aliokufa baba Nassor. Leo nije nizikatize kwa sababu ya kilima?"

Kilima! Shingo inakuuma ukitazama juu, yeye anaita kilima.

Akanikumbusha na ahadi. Funga ya sunna mtu haitangazi, akasema, ni siri yake na Mola wake, na mimi nimeshatoa neno. Nikamrudishia chupa yake, begi nikabaki nalo.

Tukaanza kupanda.

Mwanzoni alikwenda vizuri, na mimi nilikaa nyuma yake kila hatua. Jua likatoka nyuma ya mlima likatupiga mgongoni. Hakuna mti, ni miiba na mawe. Vijana wakawa wanavua mashati na jasho linawachuruzika. Filimbi ikilia watu wanagugumia, na Bi Zuwena anainua chupa yake, anaiteremsha.

Baada ya muda nikaona kitu ambacho hakikunipendeza. Sisi wote tumelowa, uso wake mkavu. Midomo imekuwa myeupe. Akawa anasimama kila kona, na kila akisimama anashika ukuta wa mlima kama mtu aliye kwenye meli.

"Mama, tupumzike."

"Twende, Seif. Tutachelewa skuli."

Mimi siitwi Seif, wakuu. Seif alikuwa kaka yake, alikufa zamani Unguja, aliwahi kunihadithia.

Nilitaka kupiga kelele nimwite Wilber, na wakati huohuo nikasikia kengele. Nyumbu walikuwa wanateremka kutoka juu, msururu, wamebeba mizigo ya kundi jingine. Wilber akapaza sauti, sote tukabana upande wa mlima.

Bi Zuwena akapiga hatua upande wa pili.

Sijui alifikiri nini. Pengine aliona anawapisha kwa adabu, kama unavyompisha mtu kwenye ngazi. Akasimama ukingoni kabisa, mgongo kwenye genge, huku chini mto unaonekana kama uzi. Nyumbu wa kwanza alishafika. Nikarusha mkono nikakamata mtandio na baibui pamoja, nikavuta kwa nguvu zote, akaniangukia kifuani tukaanguka wote juu ya miiba. Nyumbu wakapita, mizigo inakwaruza pale alipokuwa amesimama.

Raba yake moja ilibaki ukingoni. Hadi leo nikifumba macho naiona ile raba nyeupe.

Wilber akaja mbio. Akamwangalia macho, akambana ngozi ya mkono. Ngozi ikabaki imesimama, mwili umeishiwa maji. Akachukua chupa ya mama, akaitikisa, ikawa imejaa. Akanigeukia mimi.

"Kwa nini hanywi?"

Wakuu, niseme nini? Nimetoa neno. Na Bi Zuwena, akili zikimrudi kidogo, ananiangalia jicho kali.

Nikasema, "Hataki."

"Basi sikiliza. Hapa simu haishiki. Helikopta haitui kwenye kona hii. Kumrudisha nyuma ni kupita tena kwenye joto la korongo, hatafika. Mbele kuna nyumba, sio mbali, kuna kivuli. Asipokunywa pale, mimi sina dawa nyingine."

Tukampandisha juu ya nyumbu mmoja wa kwetu, mimi namshika upande huu, Wilber upande ule. Njia nzima nilikuwa nambembeleza kwa Kiswahili. Nikamwambia kujidhuru ni haramu. Akasema, "Usinifundishe dini, mie nimefunga hii kabla hujazaliwa." Nikamwambia Nassor ananisubiri. Akasema Nassor anamjua mama yake. Nikamfokea, Mungu anisamehe, nikamwambia atakufa huku kwa ubishi. Akafumba macho, akasema, "Nshatia nia."

Kadiri nilivyosukuma ndivyo alivyozidi kukaza. Nikasema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa. Nilianza kufikiria nitakavyompigia Nassor. Nilishaanza kabisa kupanga maneno, na nilikuwa nalia bila sauti huku nashika kile kiuno chake chembamba.

Tukafika penye nyumba. Upepo unapita, paa la nyasi, kuku wawili watatu, miwa imepandwa mteremkoni. Hapo anakaa mama mmoja mtu mzima, kofia pana kichwani, sketi nzito, nywele zimesukwa mikia miwili mirefu. Wilber alimwita Doña Julia, yaani Bi Julia. Huwauzia wapita njia chakula na vinywaji. Tukamlaza Bi Zuwena kwenye kivuli cha ukuta. Wilber akamletea maji kwenye kikombe cha bati, akamwekea mdomoni. Akageuza uso.

Doña Julia alikuwa mlangoni kwake, anatutazama, mikono ameifuta kwenye sketi. Kama alivyosimama ndivyo alivyosimama Bi Zuwena mlangoni kwake Al Baraha, siku ile ya mkate wa ufuta.

Nikamvuta Wilber pembeni.

"Mwambie Doña Julia asituuzie kitu. Mwambie huyu ni mgeni wake, ametoka mbali sana, kaja kwake. Amkaribishe mwenyewe, kwa mkono wake."

"Itasaidia nini?"

"Mwambie tu, kaka. Yalla, fanya haraka."

Hakunielewa ila alikwenda. Doña Julia akaingia ndani. Alikaa humo muda, na mimi kila sekunde nahesabu pumzi za mama wa watu. Akatoka na kikombe cha udongo, ameweka limau, sukari, na chumvi kidogo kama Wilber alivyomwomba, na bakuli la supu ya viazi inafuka. Akatandika kitambaa cha rangi rangi chini. Akapiga magoti mbele ya Bi Zuwena, akasema maneno ya Kikechua, lugha ya milima ile, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Akanyoosha kikombe kwa mikono miwili.

Bi Zuwena akatikisa kichwa. Akaweka mkono kifuani, ile ya kusema ahsante, niache.

Doña Julia hakuondoka. Akaangalia kikombe, akaangalia mgeni wake. Akaonja yeye kwanza, fundo moja, kumwonyesha ni kizuri. Akanyoosha tena. Na Bi Zuwena akatikisa kichwa tena, sasa kwa shida.

Hapo uso wa yule mama wa mlimani ukabadilika. Wakuu, niliufahamu uso ule. Hakukasirika. Aliumia. Akakirudisha kikombe taratibu kifuani kwake na kuanza kuinuka.

Nikageuka kumtazama mgeni wake.

Bi Zuwena akanyoosha mkono akamshika sketi.

"Njoo," akasema kwa Kiswahili. "Njoo, dada. Usende nacho."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akasema bismillahi. Akanywa fundo, akapumua, akanywa jingine. Doña Julia akacheka na kupiga makofi kidogo, akakimbilia ndani kuleta kingine. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba penye kuku nikalia sawasawa, kilio cha kusikika. Kuku walinikimbia.

Tulilala hapo. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, na jioni jasho likaanza kumtoka usoni. Sikuwahi kufurahia jasho la mtu namna ile. Wale wamama wawili walikaa jikoni wanamenya viazi, huyu anaongea Kiunguja, yule Kikechua, na wanaelewana kuliko mimi na arbab wangu.

Asubuhi alipanda kwa nyumbu sehemu kubwa ya njia, na ya mwisho akatembea mwenyewe, akafika.

Kuhusu magofu yenyewe sina maneno mengi. Picha ziko nyingi mtandaoni. Kitu kilichonikaa ni kuta za ngazi za mashamba, wamepanga mawe meupe ndani ya ukuta mweusi yakawa maumbo ya llama, wale wanyama wao wa shingo ndefu, msafara mzima unapanda mlima. Bi Zuwena alikaa chini mbele yao. Halafu akasema, "Na hawa walikuwa wakipanda na mizigo." Ndilo alilosema. Kurudi alikunywa kila filimbi, na chupa yake nilikuwa naikagua bila aibu.

Airport Dubai nilimkabidhi kwa Nassor. Nikamwambia, "Amana yako hiyo." Hakujua kwa nini nilimkumbatia kwa nguvu kiasi kile.

Hadithi ingeishia hapo, lakini sivyo.

Mwezi haujaisha akanipigia. Sita zake amezianza upya na leo anamaliza, niende nikafuturu. Nikatoka International City na basi, nikaunga metro, nikafika Al Baraha adhana inakaribia. Meza imejaa: uji wa pilipili manga, sambusa, tambi za nazi. Na katikati, bakuli la supu ya viazi.

Tulipomaliza, Nassor ametoka kwenda kuswali, nikajipa moyo. Nikamwambia, "Mama, kuna kitu lazima nikwambie. Yule Doña Julia, ni mimi niliyemtuma."

Akaendelea kukunja kitambaa.

"Nnajua. Nilikuona unamnong'oneza yule kijana. Nilikuwa nimelala, sijafa."

Nilichoka, wakuu.

"Sasa kama ulijua ni mpango wangu, kwa nini ulikunywa?"

"Mpango ulikuwa wako, mikono ilikuwa yake. Yeye alinikaribisha kwa moyo wake." Akakiweka kitambaa mezani. "Na nlikuwa naogopa, mwanangu. Tangu pale kwenye nyumbu. Nilitaka maji, Wallahi, nilikuwa naona maji kila nikifumba macho. Lakini nyote mlikuwa mnanambia niwache, niwache, na mie nshasema siwachi. Mtu mzima anarudije nyuma mbele ya watu? Nilikuwa nangoja mmoja wenu anipe njia ya kupita."

Wakuu, mimi nilidhani nimemshinda kwa ujanja wa Tanga. Kumbe mwenzangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, anasubiri ufunguliwe, na mimi niko nje nausukuma umfungie zaidi.

Nilichojifunza ni hiki. Wazazi wetu, mabosi wetu, hata waume na wake zetu, mtu akishakaza hadharani, hoja haimsaidii hata ikiwa ya kweli. Mtafutie pa kupitia na heshima yake. Maneno yangu yote ya njiani yalikuwa sahihi, na bado yangemuua.

Na mkisafiri na mzee, inueni chupa yake, msitazame tu anavyoinua yeye.

Haya, uwanja wenu. Aliyewahi kukwama na mzazi mbishi atuambie aliponaje, na masheikh wa humu kama nimekosea mahali kwenye sita nisahihisheni taratibu. Nitawajibu baadaye kidogo. Nassor yuko chini anapiga honi, kaleta sahani kutoka kwa mama yake. Nimeshakula, nimeshiba kabisa, na naenda kuipokea.